Kijana, unapomcheka mwenye funza unamlinda nani?

Ndugu msomaji, na hasa wewe kijana wa mjini unayelisoma gazeti hili kwa zamu pale kijiweni, leo tuweke kando kidogo habari za nani kahama chama na nani kanunuliwa. Leo tuzungumze ngozi. Si ya ng'ombe, si ya ngoma. Ni hiyo yako, uliyoivaa kabla hujavaa shati na utakayozikwa nayo.

Usigune. Najua unataka kusema gazeti la mageuzi limeishiwa. Hatujaishiwa. Siasa haikai bungeni tu. Siasa ipo chini ya ukucha wa mtoto wa mkulima, na ipo ndani ya kopo la krimu ulilomnunulia mpenzi wako. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama tumepotea njia.

Kuna mzaha ambao wasafiri wa barabara ya Morogoro wanaujua. Basi linatoka Dar es Salaam, linaiacha Chalinze, linakaribia Mikese, na milima ya Uluguru inaanza kujitokeza upande wa kushoto. Akionekana mtu pekupeku kando ya lami, hakosekani mmoja wa kutoa kali yake: "Cheki mshamba huyo, funza wameshamla vidole!" Basi zima linaangua kicheko. Anayecheka amevaa raba, ameoga, amejipaka mafuta, anajiona ameokoka.

Mimi nina swali moja tu, na makala yote hii ni swali hilo: kijana, unapocheka hivyo unamlinda nani?

Maana kicheko ndiyo dawa pekee ya ngozi ambayo wakubwa wa nchi hii wanaigawa bure. Ukimcheka mwenye funza umekwisha kusema kwamba kosa ni lake: mchafu, mvivu, mshamba, haogi. Na kosa likishakuwa lake, hakuna wa kuulizwa maji yako wapi, dawa iko wapi, darasa lina sakafu ya vumbi kwa nini, fedha za zahanati zimeishia mfuko wa nani. Mkubwa anapita na shangingi lake vioo juu, anapunga mkono, na wewe mlalahoi umekwisha kumfanyia kazi ya utetezi. Tena bila posho.

FUNZA ALIKUJA KWA MELI

Tuanze na huyo funza mwenyewe, ambaye wengine humwita tekenya, maana historia yake wengi hatukufundishwa. Tumezoea kudhani kwamba ni wetu tangu enzi za mababu, kama mbuyu. Uongo mtupu! Funza ni mgeni, tena mhamiaji asiye na kibali. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, pwani ya Angola. Funza alikuwa abiria wake. Kutoka hapo akasafiri na misafara ya biashara na majeshi ya wakoloni, akapanda na mto Kongo, akafika Maziwa Makuu, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika pwani yetu na Zanzibar. Bara zima, bahari hadi bahari, kwa muda usiofika miaka 30.

Sasa linganisha mwenyewe. Mwaka 1871, yaani mwaka mmoja kabla ya meli ile, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alipita Mikese na msafara wake akimtafuta Livingstone. Jina la Mikese limo katika kitabu chake. Wapagazi wake walikanyaga udongo huo huo, na miguu ya wenyeji ilikuwa ile ile, na nyumba za udongo zilikuwa zile zile. Funza hakuwapo. Alikuwa bado ng'ambo ya bahari. Kama funza angekuwa mtoto wa uchafu wa Mwafrika, mbona hakuzaliwa hapa miaka yote hiyo ya mababu?

Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, anamweka funza kwenye orodha moja na sotoka iliyofyeka ng'ombe, ndui iliyofyeka watu, na njaa. Balaa zote hizo zilituangukia kwa pamoja miaka ile ya 1890, wakati mkoloni anaingia. Mkulima ambaye hawezi kukanyaga chini hawezi kulima. Asipolima hali. Shamba linageuka pori, na pori likishatanda mzungu anakuja kuandika kwamba nchi ni tupu na wenyewe ni wavivu.

Umeona mchezo ulivyochezwa? Mgonjwa analetewa ugonjwa, kisha anatukanwa kwa kuwa nao. Mzaha wa kwenye basi si wa kwako, kijana. Umeurithi kwa watu waliowadharau babu zako.

MIKESE, 1916

Kama bado huniamini, rudi nami Mikese ile ile unayoipita ukiwa umelala na simu masikioni.

Reli ya Mjerumani iliyoanza Dar es Salaam 1905 ilifika Morogoro 1907, na Mikese ikawa stesheni. Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Agosti 1916 Waingereza wakaiteka Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki na mto Rufiji. Hapo Mikese ikageuka kuwa mlango wa vita. Treni zilishusha hapo askari, risasi na unga, na kutoka hapo ndipo ilipoanza njia ya kuzunguka milima kwenda Duthumi. Askari wa Nigeria walioletwa Desemba 1916 waliteremkia Mikese wakaanza kutembea.

Lakini risasi na unga havitembei. Nani aliyebeba? Wapagazi. Waingereza walikusanya watu wapatao milioni moja kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Wengine walikuja kwa mshahara, wengine walikamatwa kama mbuzi. Mzigo kichwani, mvua mgongoni, tope magotini, na miguuni hakuna kitu. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake walihesabiwa kuwa 95,000 hivi, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, si risasi. Na miguu ile isiyo na viatu ilikuwa karamu ya funza: vidole vikaoza, mtu akachechemea, anayechechemea akaachwa nyuma, na aliyeachwa nyuma porini unajua mwisho wake.

Waliokufa ni babu zako, wewe unayepiga mishemishe Kariakoo! Jina hilo limetoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji, na ndimi zetu zikalifinyanga jina likawa Kariakoo. Unauza viatu juu ya jina la watu waliokufa kwa kukosa viatu. Kisha unapanda basi kwenda kumcheka mjukuu wao.

Na usidhani funza alichagua weusi. Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye aliandika katika kumbukumbu zake kwamba wadudu hao walimsumbua miguuni. Tofauti ni kwamba jenerali alikuwa na daktari pembeni. Mpagazi alikuwa na mwiba. Tofauti ya funza wa mkubwa na funza wa mdogo ni hiyo tu, wakati ule na leo: dawa, wala si uchafu.

HUYU MDUDU ANAFANYAJE KAZI

Usije ukasema tunapiga porojo za kisiasa, kwa hiyo tueleze kitaalamu. Funza ni kiroboto mdogo kuliko wote, hafiki milimita moja. Jike linajichimbia ndani ya ngozi, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni, linaacha kitundu kidogo cha kupumulia na kutagia. Kwa muda wa wiki mbili linavimba likawa kama punje ya njegere. Linatoa mayai mamia, mayai yanaanguka kwenye vumbi, yanaanguliwa, na wapya wanatafuta mguu mwingine. Kwenye kidonda wanaingia vijidudu vya usaha, na pepopunda inaweza kuingia humo humo.

Soma tena: mayai yanaanguka kwenye vumbi. Sakafu ya vumbi ndiyo uwanja wake. Ukiweka sakafu ya saruji, mdudu anakosa pa kulelea wanawe. Ukimpa mtoto viatu, anakosa mlango. Ukileta maji, mguu unaoshwa kila jioni na anayeanza kuingia anaonekana mapema. Sasa niambie, sakafu ya darasa la shule ya msingi ni uchafu wa nani? Ni wa mtoto wa darasa la pili?

Na tiba ipo. Zamani watu walitoboa kwa pini au mwiba, tena pini moja ukoo mzima. Ni hatari kubwa, maana pini hiyo inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Baadaye wakapewa maji ya zambarau ya pamanganeti kuloweka miguu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya kwa watoto. Mguu mmoja ulipakwa mafuta ya dimetikoni, mwingine ukaloweshwa pamanganeti. Baada ya siku saba, funza 78 katika kila 100 waliopakwa dimetikoni walikuwa wamekufa. Wa pamanganeti ni 39 tu. Dimetikoni si uchawi. Ni mafuta ya silikoni yanayoziba kitundu cha kupumulia, na Ulaya wazazi wanawapaka watoto wao wakiwa na chawa.

Dawa inajulikana, mdudu anajulikana, sababu inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuona haya. Na haya hawaoni, kwa sababu haya yote tumembebesha mgonjwa.

MAJI UNAYOOGA YANATOKA WAPI?

Nimesema maji. Hapa kijana wa Dar kaa vizuri. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolinywesha jiji la Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Maana yake, maji uliyooga leo asubuhi ukajipaka mafuta ukang'aa, yameshuka kutoka kwa hao hao unaowaita washamba wasiooga.

Mlima unatoa maji, bomba linaelekea mjini, kisha wa mjini anawacheka wa mlimani kwa ukavu wa ngozi zao! Hujapata kuona dharau ya namna hiyo hata kwenye hadithi za sungura.

Na msiwadharau watu wa Uluguru. Mkoloni alipowalazimisha kuchimba matuta kwenye miteremko ya milima, akiwaambia kwamba wao ndio wanaoharibu udongo wao, waligoma. Julai 1955 waliinuka, damu ikamwagika, na mpango wa mkoloni ukavunjika. Hawakukubali kubebeshwa kosa lisilo lao. Wewe msomi wa mjini unakubali kila siku.

MKANDA WA JESHI

Labda utasema: bwana, kicheko ni kicheko tu, hakijaua mtu. Kimeua! Kimeua hapa hapa mjini, na wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanakumbuka.

Miaka ile ya 1990, mtu akitokwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka upande mmoja wa mwili na kuchoma kama moto, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: "Huyo keshakanyaga miwaya." Ngozi ikageuzwa hati ya mahakama. Mkanda wa jeshi unatokana na virusi vya tetekuwanga vinavyolala mwilini na kuamka kinga ikishuka. Kinga inashuka kwa virusi vya Ukimwi, ndiyo, lakini inashuka pia kwa uzee na maradhi mengine. Watu hawakutaka kujua hayo. Walitaka kucheka. Mgonjwa akajifungia ndani, akavaa mikono mirefu juani, akapelekwa kwa mganga usiku kuchanjwa chale, na hospitali akaiogopa kwa sababu foleni ya hospitali ilikuwa na macho.

Tangu 2004 serikali ilipoanza mpango wa kugawa dawa za kurefusha maisha, hakuna sababu ya mtu kufa kwa aibu. Lakini muulize muuguzi yeyote kama wapo wanaochelewa hadi leo. Watakuwa wamezuiwa na nini, kama si meno yetu?

Mwenye vipele anapochekwa hafichi vipele tu. Anaficha ugonjwa ulio nyuma yake. Ukoma ulivyo ndivyo hivyo hivyo: unatibika, dawa zake zinatolewa bure, na akiwahiwa mtu hapotezi hata kidole. Anayepoteza vidole ni yule aliyeficha baka mgongoni miaka miwili akihofia maneno ya majirani.

KOPO LA MPENZI WAKO

Sasa tuje kwenye dhambi tamu. Wewe ndiye unayesema kijiweni, "Mimi demu wangu lazima awe mweupe." Unasema kwa sauti, dada yako anasikia, mpenzi wako anasikia. Kesho yake yuko dukani ananunua mkorogo. Kisha unamcheka akishababuka uso, ukamwita majina ya vinywaji vya rangi mbili.

Unajua ndani ya mkorogo kuna nini? Haidrokwinoni, inayozuia ngozi isitengeneze rangi yake. Dawa kali za steroidi, zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, ikichanika haiponi upesi. Na zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo. Rangi yako si uchafu unaohitaji jiki. Ni mwavuli Mungu aliokufungulia dhidi ya jua la Ikweta.

Na zebaki ilikuja vipi? Sheria ya Ulaya ya mwaka 1976 ilikataza kutia zebaki kwenye vipodozi vya raia wao. Lakini viwanda viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya kuuza nje. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark walitoa taarifa juu ya sabuni hizo zilizokuwa zikiuzwa hapa Tanzania. Ilikuwa mpaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku kuzisafirisha nje. Miaka 27! Kwa miaka 27 ngozi ya Mzungu ilikuwa na sheria, na ngozi ya dada yako ilikuwa na soko.

Wa kwetu nao walikuwa wapi? Makopo hayaingii nchini kwa kuota mbawa. Yanapita bandarini, yanapita mipakani, yanakutana na mtu mwenye muhuri. Marufuku zipo kwenye makaratasi, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango. Karatasi nzuri sana. Nenda sokoni na karatasi hiyo mkononi, uone kama kopo litakukimbia.

KUTOKA MENONI HADI KWENYE PANGA

Kicheko kikiachwa kikue, kinafika pabaya. Tumewaita ndugu zetu wenye ualbino zeruzeru, tumewaimbia njiani, tumesema hawafi bali hupotea. Mtu ukishamwambia kila siku kwamba si mtu kamili, atatokea mwingine wa kukuamini. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 wakaanza kuuawa na kukatwa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa ajili ya biashara ya waganga na matajiri wenye tamaa ya utajiri zaidi. Waliouawa walipita 70.

Lakini lipo panga jingine lisiloandikwa kwenye magazeti: jua. Ngozi isiyo na rangi haina mwavuli, na saratani ya ngozi imewaua wengi kuliko wale wauaji. Hapa pia dawa inajulikana: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua. KCMC kule Moshi, penye kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi kilichoanzishwa 1992, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Wanaweza! Swali ni kwa nini mwananchi wa kijiji cha Morogoro Vijijini asiyapate zahanati kwake kama anavyopata Panadol.

Na upinzani uliwahi kujibu kwa vitendo. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany wa CUF kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchini Tanzania. Walioitwa washamba wa kusini wakaona mtu pale ambapo wajanja wa mjini waliona ngozi.

NA WEWE UNAYECHEKA, VUA SHATI

Sasa tugeuze kioo. Huko geto mnakolala wanne godoro moja, mnajikuna usiku mpaka alfajiri, mnasema ni joto. Si joto. Ni upele. Mdudu wake anachimba kati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni na sehemu za siri, na mwasho wake unazidi usiku. Dawa yake ya BBE ni ya siku nyingi. Inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni kushuka chini, si pale panapowasha tu. Wote mnaolala pamoja mpake siku moja, shuka na nguo zifuliwe. Akibaki mmoja mwenye aibu, ataturudishia wote.

Na ile fangasi ya mapajani unayoipaka krimu ya steroidi uliyouziwa bila cheti? Siku tatu mwasho unakata, unafurahi. Wiki ya tatu duara limekuwa sufuria. Steroidi haiui fangasi, inailaza kinga yako usingizi huku fangasi inajenga nyumba. Na vile vipele vya kidevuni baada ya kunyolewa? Mwambie kinyozi abadilishe wembe, asafishe mashine, asikunyoe kwa kwenda kinyume na ndevu.

Umeona? Kila mtu ana lake chini ya shati. Hujafa hujaumbika. Tofauti yako na yule wa kando ya lami ni kwamba la kwako lina mahali pa kujificha.

WAKUBWA WAJIBU

Mwalimu alitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, redio zikakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi kujifunza na kuchimba vyoo. Ilikuwa nchi maskini kuliko leo. Mwaka 1993 tukaanza kuambiwa tuchangie gharama za hospitali. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika wakakutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na kila msimu wa bajeti asilimia hiyo imebaki wimbo wa semina. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka upele na wenzake wa jamii ya funza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Mei 2025 mkutano wake mkuu wa Geneva ukapitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni jambo la kupewa kipaumbele duniani. Wajumbe wetu huko hawakosekani. Je, azimio limepanda ndege kurudi nao?

Fedha zipo. Ni za magari, ni za posho, ni za kukagua miradi isiyokuwapo. Sakafu ya saruji ya darasa moja ni bei ya tairi ngapi za shangingi? Mwenye hesabu apige.

Kijana, kazi yako haihitaji bunduki. Kwanza, funga mdomo unaocheka. Mzaha ukianza kwenye basi, wewe uliza kwa sauti: "Zahanati yao ina dawa?" Utaona basi zima linavyonyamaza. Pili, ukienda likizo kijijini kwenu, iwe Mikese, Matombo au Kisaki, usiende kuonyesha raba. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, simama, uliza mapato na matumizi. Uliza: BBE ipo? Mafuta ya jua yapo? Darasa la awali lina sakafu? Andika jibu na jina la aliyejibu. Tatu, mwambie mpenzi wako mbele ya washikaji hao hao kwamba rangi aliyozaliwa nayo ndiyo uliyoipenda. Ukishindwa hilo, usituambie habari za ukombozi.

Wazee walisema ngozi ivute ili maji, ikishakauka haivutiki tena. Uchaguzi hauji kila mwezi, na ahadi hukauka upesi kuliko ngozi ya mbuzi juani. Wakija kuomba kura wakiwa bado wabichi, wanatabasamu, wanashikana mikono na kila mtu, wavute hapo hapo. Muulize mgombea, wa chama chochote, hata cha kwetu: miguu ya watoto wa kata hii umeiangalia?

Akicheka, umempata mtu wa kumnyima kura.